Nililipa ili nichujwe: ile ofisi ya residensi juu ya duka la leso

Nililipa shilingi 28,000 nikafungiwa faili kwa sekunde 47. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ninaloulizwa na kila mfamasia akisikia nilikwenda kwa wale jamaa wa ghorofa ya pili, uchochoro mmoja kutoka Biashara Street hapa Mombasa, juu ya duka la leso. Jina la ofisi silitaji, maana huko mbele nitawalalamikia na sitaki maneno na watu. Aliyewahi kupanda ile ngazi atawajua tu: nyembamba, bomba linavuja pembeni, na ukifika juu unakuta kibendera cha Marekani kimechomekwa kwenye kikombe cha kalamu.

Kwa asiyejua wanauza nini: wanawaandaa wafamasia wanaotaka residensi Marekani. Residensi ni mwaka mmoja, huko wanauita PGY1, ambapo mfamasia aliyekwisha kuhitimu huzunguka wodi kwa wodi chini ya jicho la waliomtangulia, mshahara haba, mafunzo tele. Anayetaka kubobea huongeza wa pili, PGY2: saratani, watoto, wagonjwa mahututi. Maombi hupitia mtandao mmoja uitwao PhORCAS, ulio chini ya ASHP, chama cha wafamasia wa hospitali wa kule. Baada ya mahojiano, mwombaji anapanga orodha ya anakotaka kwenda, kila programu inapanga ya inaowataka, na kompyuta inawaoanisha. Hiyo ndiyo Match, na matokeo hutoka mwezi wa tatu. Hayo yote yana maelezo ya kutosha. Kisichokuwa na maelezo ni kile kinachotokea katikati, baada ya kutuma na kabla ya kuitwa, pale mafaili yanapochujwa. Hicho ndicho ofisi hii inauza. Wanakusomea faili lako kama lingesomwa kule, wanakupa alama, wanakwambia ungebaki au ungetupwa.

Sisi huku hatujazoea kuchujwa hivi. Intaniship yangu nilipangiwa na Wizara. Jina likatoka kwenye orodha, nikaambiwa hospitali ya Coast General, ambayo mamangu hadi leo anaiita Makadara, nikashukuru Mungu maana kutoka nyumbani Likoni ni feri na miguu. Hakuna aliyeniuliza kwa nini nataka Coast General. Wangeniuliza ningejibu kweli: feri ni bure.

Bei zao ziko ukutani. Kusomewa faili peke yake, saa moja na msomaji, ni 6,500. Paketi kamili ni 28,000: kusomewa, kutengenezewa barua, kupewa orodha ya programu 15 zinazokufaa, na mahojiano mawili ya majaribio. Binti wa mapokezi, mchangamfu, maneno ya asali, akanitazama akasema, "Dakta, wewe wa paketi kamili, huoni?" Nikajiona. Nikatoa simu nikalipa kwa M-Pesa papo hapo.

Msomaji nilimpata Jumamosi. Mtu wa makamo, shati la mikono mifupi, miwani imefungwa kwa uzi. Alifanya residensi huko na mwaka wake wa pili akakaa kwenye meza ya wanaochuja, kwa sababu programu nyingi huwashirikisha wanaofunzwa kusoma mafaili ya wanaotaka kuja baada yao. Hakunipa mkono wala maneno ya utangulizi. Alitoa karatasi ya jedwali la alama kutoka kwenye mfuko wa plastiki, akaiweka simu mezani ikihesabu.

"Nikiwa na huruma, dada, dakika kumi na mbili. Nikiwa sina, nane."

Akafungua faili langu. Ukurasa wa kwanza tu akauliza, "Cheti cha FPGEC kiko wapi?"

Nikamwambia nitakitafuta nikishapata nafasi. Akabonyeza simu. Akalifunga faili akalisukuma upande wangu kwa vidole viwili, kama unavyomrudisha samaki uliyemfunua mashavu ukakuta yamepauka.

"Umesikia sauti hiyo?"

"Sauti gani?"

"Ya faili kufungwa. Kule hutaisikia. Utaletewa barua pepe ya kukushukuru, basi."

Hapo ndipo zile sekunde 47.

Nieleze, kwa sababu nimeongea na wenzangu wanne tangu siku ile na wawili walikuwa na wazo potofu kama langu. Kanuni za ASHP zinasema mwombaji awe amehitimu, au yuko njiani kuhitimu, katika chuo ambacho masomo yake yameidhinishwa na ACPE, shirika la Marekani la kuidhinisha masomo ya famasia. La sivyo awe na cheti cha FPGEC, kinachotolewa na NABP, muungano wa bodi za famasia. Ni cha kuingilia mlangoni. Kukipata, matokeo yako ya chuo yanakaguliwa na ECE, shirika la kulinganisha masomo ya nje na ya Marekani, unafanya TOEFL, mtihani wa Kiingereza, hata kama umesomeshwa kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, kisha unakaa mtihani wa famasia uitwao FPGEE. Waliohitimu tangu Januari 1, 2003 wanatakiwa wawe wamesoma famasia miaka 5, na hapo BPharm, shahada yetu ya famasia, iko salama. Lakini safari hiyo si ya mwezi mmoja wala miwili. Mimi nilikuwa nimepanga kutuma maombi msimu huohuo.

Nilikasirika, na sikumkasirikia yeye. Yule binti wa mapokezi alinijazisha fomu ya kurasa tatu, akaniuliza hadi jina la shule ya msingi, hakuniuliza kama nina FPGEC. Swali moja kabla ya M-Pesa. Msomaji mwenyewe alinyanyuka akaenda kumwambia kitu mlangoni kwa sauti ya chini, akarudi akaiwasha tena simu.

"Haya. Tujifanye unacho."

Kuanzia hapo, wallahi, nilipata thamani ya pesa.

Alianza na matokeo ya chuo. Kidole kikasimama kwenye 68 yangu ya famakolojia. Akaniuliza kama najivunia. Nikamwambia ndiyo, darasa letu waliopita 70 ulikuwa unawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. "Mimi najua, nimesoma hapahapa. Msomaji wa kule amezoea A inayoanzia 90. Akiiona 68 yako anamwona mtu aliyeponea chupuchupu." Kwa hiyo tathmini ya ECE si karatasi ya kutimiza sheria tu, ndiyo inayomtafsiria msomaji alama zako. Na akaniambia nimwombe mwalimu mmoja aandike kwenye barua yake nilikuwa wa ngapi darasani, maana nafasi haihitaji mkalimani. Pia akanitoa hofu kidogo: vyuo kadhaa vya famasia huko siku hizi vinatoa matokeo ya kufaulu au kufeli tu, bila alama, kwa hiyo programu zimelazimika kutafuta uzito mahali pengine. Mahali hapo pengine ndipo palipokuwa na aibu yangu.

Barua ya kuomba. Aliisoma kwa sauti, polepole, huku duka la chini likipiga taarab hadi sakafu inatetemeka. Sentensi ya kwanza ilisema tangu utotoni nilipenda kuwasaidia wagonjwa. Akachora mstari kwa kalamu nyekundu. Ya pili ilisema mimi ni mchapakazi na hupenda kujifunza. Mstari. Ya tatu ikaisifu hospitali kwa sifa ambazo ukibadilisha jina zinakaa hospitali yoyote. Mstari.

"Hii niliisoma jana. Juzi pia niliisoma. Mwaka ule niliokaa mezani nilikuwa nikiisoma kila usiku."

Kisha akaingia kwenye wasifu. Mahali nilipoandika kwamba katika kliniki fulani "nilisaidia kazi za kumbukumbu za dawa", akasimama akaniuliza: ulifanya nini hasa? Nikamweleza. Ilikuwa kliniki ya wagonjwa wa VVU. Siku moja nilikuwa nikipanga kadi nikaona mgonjwa wa kifua kikuu anayekunywa rifampisini, na dolutegraviri yake, dawa ya VVU, ni ileile miligramu 50 mara moja kwa siku. Rifampisini inaiharakisha ini kuimaliza dolutegraviri, kwa hiyo mgonjwa kama huyo hupewa 50 asubuhi na 50 usiku. Nikachomoa kadi zote za wenye kifua kikuu, jioni mbili, nikiwa nimekaa chini sakafuni kwa sababu viti vilikuwa vimebebwa kupelekwa mkutanoni. Nikapata tisa. Nikamwandikia daktari tisa hao wakarekebishwa dozi, nikabandika karatasi ya rangi ya manjano juu ya dirisha la kutolea dawa ili wa kumi asipite.

Msomaji aliiweka kalamu chini.

"Na haya yako wapi kwenye faili?"

"Hapo. Kazi za kumbukumbu."

Alicheka hadi akavua miwani. Halafu akanionyesha jedwali lake. Safu ya utatuzi wa matatizo ya dawa: alinipa 1 kati ya 5. Akaifuta, akaandika 4. "Wewe ni yuleyule. Mimi sijakuongeza akili. Nilikuwa sijui tu." Nimeweka ile karatasi. Alama ya 1 bado inaonekana chini ya ile 4, wino mwekundu juu ya mwekundu.

Lakini palipouma zaidi ni barua za mapendekezo. Ni tatu. Na hapa, wenzangu, tusidanganyane: sote tunajua zinavyoandikwa. Unamwendea bosi wako wa zamani, naye ni mtu mwema, anakwambia, "Mwanangu, mimi nina kazi nyingi, andika wewe niletee nitie saini." Niliandika zote tatu. Nilijiona mjanja kwa kubadilisha aina ya herufi. Msomaji alizipanga mezani bega kwa bega akazungushia duara maneno yaleyale mawili, yaliyokuwa kwenye barua zote: hazina kubwa.

"Hawa watatu walikaa meza moja?"

Sikujibu. Nilitazama bomba linavyovuja.

Akanieleza jinsi inavyokwenda. Kwenye PhORCAS mpendekezaji anatumiwa kiungo yeye mwenyewe kwa barua pepe, anajaza fomu yeye mwenyewe, na fomu haimuulizi kama wewe ni hazina. Inamuuliza anakujua kwa kazi gani, umewahi kukosolewa ukalipokeaje, unapangaje muda wako, unaongeaje na mgonjwa. Msomaji wa kule anatafuta mfano mmoja uliotokea kweli. Barua tatu za sifa tupu zina uzito wa kikaratasi cha chingamu. Wiki iliyofuata nilimwendea yule bosi wangu, mzee wa watu, nikamkuta barazani na kahawa yake tungu, nikamwambia, "Mzee, safari hii siandiki mimi. Unakumbuka ile karatasi ya manjano?" Akakumbuka hadi rangi ya gundi. Ahadi ni kwamba msimu ukifika ataandika hiyo. Tatizo lililobaki ni kwamba barua pepe yake huifungulia kwa simu ya mjukuu, na viungo vya namna hii hupenda kuangukia kwenye kapu la taka. Hilo nitalisimamia mwenyewe, nikiwa nimekaa kando ya mjukuu.

Saa yangu ilikuwa imekwisha zamani lakini jamaa aliendelea, na alichosema mwishoni sikukipata kwenye ukurasa wowote wa programu. Mafaili humiminika mwanzoni mwa Januari, alisema, wakati watu wametoka sikukuu na wodi zimejaa. Anayesoma ana kazi yake ya siku nzima. Anayasoma usiku, watoto wamelala, kikombe cha tatu. Usiku mmoja alimpa mwombaji alama za chini, asubuhi msomaji wa pili akampa za juu kabisa. Wakalifungua tena faili pamoja. Kumbe jambo zuri kuliko yote lilikuwa ukurasa wa nne wa wasifu, na yeye aliishia wa tatu. Ndiyo maana meza ile ilikuwa na wasomaji wawili kwa kila faili, kila mmoja peke yake. "Yule kijana tulimwita. Lakini mimi namkumbuka kwa sababu ya wale ambao hakukuwa na mtu wa kunikamata." Alilisema bila kujipamba, na nadhani ndiyo maana namwamini.

Sasa malalamiko.

Barua yangu mpya, ile ya kwenye paketi, haikuandikwa na msomaji. Iliandikwa na ofisi. Ililetwa baada ya siku nane, safi, karatasi nzuri, na aya ya pili ilisema nimelelewa Kampala. Sijawahi kufika Kampala. Nimefika Busia mara moja, harusini. Aya ya mwisho ikasema nina hamu ya kujiunga nao Cleveland, ilhali programu niliyowapa ilikuwa Houston. Yaani kuna Mganda mahali ambaye maisha yake yamekatwa vipande yakabandikwa kwangu, na Mungu ndiye ajuaye vipande vyangu viko kwa nani. Nilipowapigia wakasema ni "hitilafu ya mfumo". Mfumo gani? Ni mtu aliyenakili akabandika akasahau kufuta.

Orodha ya programu 15 nayo niliikagua kwa simu nikiwa kwenye foleni ya feri, jioni moja tu, jua bado halijazama. Programu 6 zimeandika kwenye kurasa zao wenyewe, kwa herufi ambazo hazihitaji miwani, kwamba hazidhamini viza. Kwa Mkenya asiye na kibali cha kufanya kazi kule, hiyo ni sauti nyingine ya faili kufungwa. Na kila programu unayoiongeza kwenye PhORCAS baada ya zile za mwanzo ina ada yake ya dola. Ningezituma zote, ningekuwa nimenunua barua pepe sita za shukrani.

Nikiwapa haki yao: kalenda yao ni sahihi, na si jambo dogo. Siku ya mwisho ikisema saa 5:59 usiku kwa saa za mashariki ya Marekani, wao wamekuandikia kwa saa zetu za Kiswahili, saa 1:59 asubuhi ya siku inayofuata. Mwenzangu mmoja aliyejiombea peke yake alichanganya akadhani siku imempita, akalala na huzuni yake huku mlango ukiwa wazi hadi asubuhi. Mahojiano ya majaribio ni ya kawaida tu. Binti wa mapokezi alisoma maswali kwenye karatasi, mimi nikajibu, akasema vizuri sana kwa kila jibu.

Pesa nilidai. Sikudai zote, nilidai za barua na orodha. Nilikwenda mara tatu, mara ya tatu nikaambiwa mwenye ofisi yuko Malindi. Baada ya wiki tatu nikapata ujumbe wa M-Pesa: 9,000. Hakuna neno lililofuatana nao. Nimekubali, ila sijasahau.

Kwa hiyo ukiniuliza: nenda. Lipa 6,500, usipande zaidi ya hapo hata binti akikuita profesa. Kabla ya kulipa uliza msomaji yuko siku gani, maana bila yeye pale juu hakuna kitu isipokuwa kiyoyozi. Nenda na wasifu wako mbovu kama ulivyo, usiupambe, akuonyeshe mwenyewe ulipojificha. Kama FPGEC huna, sema mlangoni. Mimi yangu nimeianza. Bahasha ya matokeo ya chuo iko njiani kwenda kukaguliwa, na jioni nasoma kwenye feri nikipata pa kukaa.

Nyota tatu kati ya tano. Ya nne wangeipata, lakini mamangu aliiona ile barua mezani, na tangu siku hiyo akitaka kunituma dukani ananiita, "Wewe wa Kampala, njoo."